Moyo unaopapatika: warfarini, vidonge vipya, madini au mazoea ya kila siku? Ulinganisho kwa mtu wa Kigoma

Mtu mwenye moyo unaopapatika akiingia famasi hapa Mwanga, Kigoma mjini, na kuniuliza kama achague dawa ya kuzuia damu kuganda au anywe magnesiamu, humrudisha nyuma kidogo kabla ya kumjibu. Vitu hivyo havishindani. Kimoja kinazuia kiharusi, kingine kinajaza pengo mwilini kama pengo lipo. Kuna na cha tatu, yaani unavyokula, unavyokunywa na unavyolala, ambacho hupunguza sababu za moyo kuvurugika. Ulinganisho wenye pesa na hatari ndani yake ni ule wa warfarini na vidonge vipya, zote dawa za kuzuia damu kuganda, na kwa mkazi wa Kigoma jibu lake hutegemea mambo mawili kuliko yote: valvu zako, yaani milango ya damu ndani ya moyo, zikoje, na INR, kipimo cha damu inavyoganda, utapimia wapi.

Ugonjwa wenyewe, ambao kwenye cheti utauona umeandikwa AF (atrial fibrillation), ni huu: vyumba viwili vya juu vya moyo haviminyi tena kwa mpango, vinatetemeka tu. Mapigo yanakuja ovyo, mawili ya haraka, moja limechelewa, matatu yamefuatana. Wapo wanaohisi kifua kinadunda na pumzi inakata wakipanda kutoka ufukweni Kibirizi. Wapo wasiohisi lolote mpaka siku mdomo unapokwenda upande. Hatari yenyewe haimo kwenye kudunda. Damu ikituama kwenye kifuko kidogo cha chumba cha juu cha kushoto, huganda, na donge likichomoka huweza kupanda ubongoni. Mwenye AF ana uwezekano wa kupata kiharusi karibu mara tano ya mtu wa rika lake asiye nayo, na kutohisi chochote hakumpunguzii.

Kwa hiyo ukisikia moyo umetulia baada ya wiki mbili za ndizi na maji mengi, shukuru, lakini usidhani donge nalo limesikia.

Kwanza Echo, ndipo uchague

ECG, kipimo cha umeme wa moyo, inaonyesha kwamba mapigo yamevurugika. Echo, picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, inaonyesha valvu. Wengi hufanya ya kwanza na kuiahirisha ya pili kwa sababu ya nauli au foleni, kumbe hii ya pili ndiyo inayoamua dawa. Afrika tuna wagonjwa wengi ambao moyo wao uliharibika utotoni kwa homa ya baridi yabisi, ile inayofuata maambukizi ya koo yasiyotibiwa. Utafiti mkubwa uliotangazwa 2015, uliofuatilia wagonjwa wa aina hii katika nchi 14, nyingi zikiwa za Afrika, ulikuta umri wao wa kati ni miaka 28 na theluthi mbili ni wanawake. Hawa si wazee wa AF unaowasoma kwenye makala za Ulaya. Ni mama mwenye mtoto mgongoni.

Kama Echo inasema valvu ya mitrali, ile ya upande wa kushoto kati ya chumba cha juu na cha chini, imebana kwa kiwango cha kati au kikali, au kama una valvu ya chuma, ulinganisho unaishia hapo: warfarini. Mwaka 2022 yalitoka majibu ya utafiti wa INVICTUS, uliowapa wagonjwa zaidi ya 4,500 wa baridi yabisi ya moyo, kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini, ama rivaroksabani, kimojawapo cha vidonge vipya, ama dawa za jamii ya warfarini. Watu wengi walitarajia kidonge kipya kishinde au angalau kitoke sare. Waliokuwa kwenye warfarini ndio waliokufa wachache. Na kwa valvu za chuma, dabigatrani, dawa mpya nyingine, ilijaribiwa ikaleta madhara mpaka jaribio likasimamishwa. Ndugu wa Dar akikutumia boksi la kidonge kipya kwa mapenzi mema, na wewe valvu yako iko hivyo, boksi hilo si lako.

Kama valvu hazina shida hiyo, daktari huhesabu alama za hatari ya kiharusi: moyo ulioshindwa kusukuma 1, presha 1, kisukari 1, ugonjwa wa mishipa 1, umri wa 65 hadi 74 alama 1, miaka 75 na kuendelea alama 2, kiharusi cha zamani alama 2. Mwongozo wa Ulaya wa 2024 uliacha kuhesabu jinsia ya kike kama alama. Ukifika 2, dawa ya kuzuia damu kuganda inapendekezwa. Ukiwa na 1, mnakaa mnazungumza. Ukiwa na 0, kwa kawaida huihitaji. Mzee wa miaka 68 mwenye presha tayari ameshafika, hata kama anaendesha baiskeli hadi Ujiji na kurudi.

Warfarini na vidonge vipya

Warfarini ni ya zamani. Iliuzwa kama sumu ya panya kuanzia 1948, ikaruhusiwa kwa binadamu Marekani 1954. Jirani atakukumbusha hilo, na hajakosea, ila hakuambii kwamba ukilinganisha na kukaa bila dawa, inapunguza viharusi vya AF kwa takriban theluthi mbili. Ni vidonge vichache duniani vinavyofanya kazi kubwa hivyo kwa bei ndogo hivyo.

Shida yake ni kwamba dozi haina kipimo kimoja kwa wote. Mmoja anakaa sawa kwa miligramu 3, mwingine anataka 7. Ndiyo maana kuna INR, kipimo cha damu kinachotakiwa kusoma kati ya 2 na 3 kwa mwenye AF. Chini ya 2 hulindwi vya kutosha, juu ya 3 hatari ya kutoka damu inapanda, na ikivuka 4 au 5 hiyo ni habari ya kwenda hospitali. Mwanzoni kinapimwa kila baada ya siku chache, halafu kila wiki, kikitulia kinaweza kufika mara moja kwa mwezi. Anayetumia warfarini bila kupima INR anatembea gizani. Namwambia hivyo kila mteja anayetaka "niongezee tu za mwezi uliopita" bila kadi.

Vidonge vipya, yaani apiksabani, rivaroksabani, dabigatrani na edoksabani, havihitaji INR. Dozi inapangwa kwa figo, umri na uzito. Apiksabani ni miligramu 5 mara mbili kwa siku. Inashushwa hadi 2.5 kwa mwenye mambo mawili kati ya haya matatu: miaka 80 au zaidi, uzito wa kilo 60 au pungufu, kreatini (kipimo cha figo) ya mikromoli 133 kwa lita au zaidi. Rivaroksabani ni 20 mara moja kwa siku, na 15 figo zikiwa zimepungua nguvu. Katika utafiti wa 2011 uliokuwa na wagonjwa 18,201, apiksabani ilizidi warfarini kwa kupunguza viharusi kwa asilimia 21 na kutoka damu kukubwa kwa asilimia 31. Damu kuvujia ndani ya kichwa, ambako ndiko kunakoogopesha kuliko kote, hutokea kama nusu hivi ukilinganisha na warfarini. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliviingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu.

Kwa hiyo kwa mtu ambaye valvu ni nzima, vidonge vipya ni bora? Kwenye karatasi, ndiyo. Lakini karatasi haijawahi kusubiri boti Kalya.

Tuanze na kupima. Aliyeko Mwanga, Ujiji au Gungu anaweza kwenda hospitali asubuhi na kurudi mchana. Anayetoka Kakonko au vijiji vya mwambao wa kusini wa Uvinza analipa nauli kubwa kuliko dawa, na upepo wa ziwa unaweza kumzuia siku aliyopangiwa. Kabla ya kukubali warfarini uliza maabara iliyo karibu nawe maswali mawili: INR mnapima, na vitendanishi vyake vikiisha huwa mnakaa muda gani? Jibu la swali la pili ni muhimu kuliko la kwanza. Kwa mtu wa mbali asiye na njia ya uhakika ya kupima, kidonge kipya kinamfaa zaidi, mradi pesa ipo.

Na hapo kwenye pesa ndipo penye mtego. Warfarini ni rahisi kidonge kwa kidonge, lakini jumlisha kipimo, nauli na siku ya kazi iliyopotea. Vidonge vipya ni ghali zaidi, ingawa vile vya majina ya kawaida, visivyo vya kampuni iliyovumbua, vimeshusha bei. Fanya hesabu ya mwezi mzima kwa kila upande, na uulize bima yako inalipia ipi, kwa kituo gani. Usifanye hesabu ya wiki. Ninachokiona kaunta ni hiki: mtu anaandikiwa apiksabani, anauliza bei, kimya kidogo, kisha anasema, "Nikatie kumi." Kumi ni siku tano. Wengine hunywa asubuhi tu ili zifike siku kumi. Kidonge kipya nguvu yake hupungua ndani ya saa kumi na mbili hivi. Ukikiruka, siku hiyo huna ulinzi. Warfarini huchukua siku kadhaa kushika na siku kadhaa kuisha, kwa hiyo ukisahau dozi moja haikuachi wazi mara moja. Mtu ambaye pesa yake huja na kukatika, na anaishi karibu na maabara, namwona salama zaidi kwenye warfarini inayopimwa kuliko kwenye apiksabani ya kuunga-unga. Wenzangu wengine hawakubaliani nami hapo.

Chakula. Hapa warfarini ina kelele nyingi na nusu yake ni ya bure. Vitamini K iliyoko kwenye mboga za majani hupunguza nguvu ya warfarini, kwa hiyo watu huambiwa waache mchicha, matembele na sombe (kisamvu). Mtu wa Kigoma aache sombe! Hakuna haja. Kinachotakiwa ni kiasi chako kisipande na kushuka: kama unakula majani siku nne kwa wiki, endelea na nne, na dozi itapangwa kulingana na hizo. Tatizo letu ni misimu. Mvua zikishika majani yamejaa kila ua, kiangazi kikija sahani inakuwa ugali wa muhogo, maharage na dagaa, na INR inabadilika bila mtu kujua kwa nini. Mabadiliko ya msimu ni sababu halali ya kwenda kupima mapema. Unga wa mlonge nao ni majani makavu, uhesabu hivyo hivyo.

Vidonge vipya havijali mboga. Rivaroksabani tu ndiyo inataka tumbo lenye chakula ili inyonywe vizuri. Inywe na ugali, si na chai kavu. Kwa mfungaji wa Ramadhani inaingia vizuri na futari. Warfarini pia hunywewa mara moja, jioni, haina shida, ila kula kwako kukibadilika mwezi mzima INR nayo hubadilika. Apiksabani ni mara mbili, na kutoka futari hadi daku masaa hayalingani na yale ya mchana. Zungumza na daktari kabla ya mwezi kuandama. Dabigatrani ni kapsuli isiyofunguliwa na isiyotolewa kwenye pakiti yake mpaka saa ya kuimeza, kwa sababu unyevu huiharibu. Ukiona mtu anakuhesabia kapsuli hizo kwenye kibahasha cha karatasi, mrudishie. Hutolewa kwa figo kwa sehemu kubwa, kwa hiyo mwenye figo dhaifu huwa haanzi nayo.

Dawa nyingine ndizo zinazoniumiza kichwa kuliko mboga. Septrin, Flagyl na flukonazoli hupandisha INR ya mtu wa warfarini haraka, na hizo ni dawa watu wananunua kama pipi. Homa ya malaria yenyewe, na kutokula siku tatu, hufanya hivyo hivyo. Ukiugua na kupewa dawa mseto, rudia INR. Rifampisini ya kifua kikuu hushusha nguvu ya warfarini na ya vidonge vipya pia, na baadhi ya dawa za kifafa hufanya hivyo. Baadhi ya dawa za VVU nazo zina ugomvi nazo, kwa hiyo kliniki ya CTC ijue unatumia nini. Halafu kuna diklofenaki na ibuprofeni. Mgongo ukiuma, tumia parasetamo kwa kiasi, na sindano ya "diklo" ya kwenye tako ikatae kabisa: sindano ya msuli kwa mtu anayetumia dawa hizi huweza kuacha uvimbe mkubwa wa damu.

Kutoka damu kukitokea, warfarini ina kinza chake, vitamini K, ambayo si ghali, na hospitali huweza kuongeza plazima, sehemu ya maji ya damu. Vidonge vipya vina vya kwao, lakini ni ghali na usivitegemee nje ya hospitali kubwa. Uzuri wake ni kwamba vinaisha mwilini mapema. Kwa upande wowote, choo cheusi kama lami, mkojo mwekundu, au kuanguka na bodaboda na kugonga kichwa ni safari ya hospitali saa hiyo hiyo, hata kama unajiona mzima. Damu ya kichwani huweza kuchukua saa nyingi kabla ya kujionyesha.

Jambo dogo lenye kuua: usitambue warfarini kwa rangi. Viwanda hutofautiana. Soma namba ya miligramu kila unapochukua pakiti mpya, na kama unakatiwa kidonge nusu kwa wembe, mwambie anayekukatia aandike "nusu" kwa kalamu kwenye boksi.

Aspirini je? Wazee wengi wako kwenye ile ya 75 na wanaambiwa inatosha. Haitoshi. Kwa kiharusi cha AF hupunguza kama moja ya tano tu, na utafiti mwingine wa 2011 uliowalinganisha wagonjwa ambao warfarini haikuwafaa ulionyesha apiksabani inapunguza viharusi zaidi ya nusu ukilinganisha na aspirini, bila tofauti kubwa ya kutoka damu. Kama unainywa kwa sababu nyingine ya moyo, daktari aseme. Kama ni kwa ajili ya AF peke yake, muulize mbona.

Madini

Alikuja mzee mmoja wa Ujiji, aliyewahi kuvua migebuka, na chupa ya plastiki ya magnesiamu mfukoni mwa koti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Kijana kaniletea hii. Anasema inatuliza moyo. Sasa ile ya kuganda niache?"

Niliomba kadi yake kabla ya chupa. Ilikuwa na enalapril na spironolaktoni. Chupa, nyuma yake, kwa herufi ndogo, ilikuwa na potasiamu pia. Dawa hizo mbili zote hupandisha potasiamu mwilini. Kuongeza nyingine juu yake, bila kupima figo, kunaweza kusimamisha moyo ule ule anaotaka kuutuliza. Nikamwambia warfarini, ile yake ya kuganda, iendelee, chupa ikae kabatini mpaka apime kreatini na potasiamu. Hakufurahi.

Si kwamba madini ni uongo. Umeme wa moyo unaendeshwa na potasiamu, magnesiamu, sodiamu na kalsiamu, na zikipungua mapigo huvurugika. Magnesiamu ya mshipani hutumiwa hospitalini kwa kupunguza mbio za AF. Tunisia waliijaribu kwenye vitengo vya dharura, gramu 4.5 na gramu 9, wakaona inasaidia ikiongezwa kwenye dawa za kawaida. Lakini hiyo ni drip, mgonjwa kalazwa, mashine iko pembeni. Kidonge cha mdomoni hakijaonyesha kwamba kinazuia AF kwa mtu ambaye magnesiamu yake iko sawa, na hakuna madini yoyote yaliyoonyeshwa kuzuia donge.

Hata hospitalini mambo hayakwenda kama watu walivyozoea. Kwa miaka mingi waliofanyiwa upasuaji wa mishipa ya moyo walipewa potasiamu ya kuipandisha hadi 4.5 ili wasipate AF. Mwaka 2024 utafiti uliofanyika Uingereza na Ujerumani ulionyesha kwamba kusubiri mpaka ishuke chini ya 3.6 ndipo uongeze hakukuongeza AF.

Nani basi apime madini? Anayetumia furosemidi au haidroklorothiazidi, dawa za kukojoza, kwa sababu zinatoa potasiamu na magnesiamu pamoja na maji. Aliyeharisha sana au kutapika. Mnywaji wa pombe wa muda mrefu. Mwenye kisukari kisichotulia. Na anayetumia digoksini, dawa ya kupunguza mbio za moyo, huyu hasa, kwa kuwa potasiamu ikishuka digoksini inageuka sumu kwa dozi ile ile ya jana. Potasiamu ya kawaida ni kati ya 3.5 na 5 hivi. Ikiwa chini, daktari ataongeza na kutafuta inakovujia. Ikiwa sawa, pesa ya chupa kanunulie migebuka.

Ukitaka madini kwa chakula, Kigoma hapana njaa nayo: maharage, karanga, mbegu za maboga, ndizi, viazi vitamu, parachichi, dagaa. Mwenye figo mbovu hatakiwi kujimwagia hivi, apangiwe. Vidonge vya magnesiamu vinaharisha, na Marekani wameweka kikomo cha miligramu 350 kwa siku kutoka kwenye virutubisho kwa mtu mzima. Pia huzuia doksisaiklini na siprofloksasini zisinyonywe, kwa hiyo visikutane tumboni.

Madini tunayozidisha sisi ni chumvi. Uvinza imechemsha chumvi kabla ya ukoloni na bado tunajivunia, lakini gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote, ndicho kikomo cha Shirika la Afya Duniani, na dagaa wa kukaushwa kwa chumvi humaliza kijiko hicho peke yao. Loweka, mwaga maji. Usihamie kwenye chumvi ya potasiamu kama uko kwenye dawa kama za yule mzee. Na matone ya iodini yanayouzwa kwa ajili ya rovu yaache mpaka upimwe tezi: tezi inayofanya kazi kupita kiasi ni chanzo cha AF, na kuna wanaopona AF kwa kutibiwa tezi tu.

Mafuta ya samaki si madini, ila huuzwa rafu moja. Samaki wa ziwa kula. Kapsuli za omega-3 za dozi kubwa ni jambo jingine, majaribio kadhaa yameonyesha zinaongeza AF kidogo. Zinanunuliwa kwa bei mbaya kufanya kinyume cha zilichonunuliwa kufanya.

Mazoea ya kila siku

Presha ndiyo mzizi wa AF nyingi zisizo za valvu. Kidonge cha presha kinachonywewa kila siku ni "zoea" lenye nguvu kuliko mengine yote, na nashangaa jinsi watu wanavyoruka hicho wakakimbilia juisi ya kitunguu saumu. Kitunguu cha kwenye mchuzi hakina neno; cha kusaga na kunywa glasi kila asubuhi juu ya warfarini kinaweza kuongeza kutoka damu.

Pombe inafuata. Australia waliwachukua wanywaji 140 wenye AF, nusu wakaacha au kupunguza sana. Katika miezi sita, AF iliwarudia asilimia 53 ya walioacha na asilimia 73 ya walioendelea. Hakuna kidonge cha madini kilichofika hapo. Hesabu yao haikuwa na gongo wala lubisi, lakini moyo hausomi lebo.

Uzito: Adelaide, huko huko Australia, mwaka 2015, wanene wenye AF waliopunguza angalau asilimia 10 ya uzito na kuushikilia walikuwa na nafasi mara sita zaidi ya kukaa bila mapigo kuvurugika. Kwa mvuvi mwembamba wa Kibirizi hili halimhusu. Kwa mfanyabiashara wa Mwanga anayekoroma mpaka mkewe anahamia chumba kingine linamhusu sana, maana mkoromo wa kukata pumzi usiku nao ni chanzo.

Kahawa, kwa wanaokunywa ya Kalinzi, haina kosa ambalo watu huisingizia. Kikombe kimoja viwili kwa siku kwa watu wengi havileti AF. Ukijiona wewe hasa unadunda baada yake, acha. Kutembea kila siku, ndiyo. Sigara, hapana.

Mazoea yana faida moja ambayo dawa haina, hayaishi dukani. Udhaifu wake ni mmoja pia: hayaondoi alama. Ukipungua kilo kumi na AF ikapotea, bado una miaka 70 na presha, na dawa ya kuzuia damu kuganda inaendelea mpaka daktari aseme vinginevyo. Wengi huacha hapo.

Nani achukue ipi

Valvu ya mitrali iliyobana, au ya chuma: warfarini, na jenga maisha yako kuzunguka INR, hata kuhamia kwa ndugu mjini miezi ya kwanza. Mwanamke wa umri wa kuzaa ambaye yuko hapa anahitaji mazungumzo kabla ya mimba, si baada: warfarini hudhuru mtoto hasa miezi ya mwanzo, vidonge vipya havipendekezwi, na kuna sindano za heparini za kushikilia nafasi. Asiache mwenyewe akiona siku zimepita. Aende siku hiyo hiyo.

Valvu nzima, alama 2 au zaidi, anaishi mbali na maabara, familia inaweza kununua mwezi mzima bila kukatika: apiksabani, au rivaroksabani kama mara mbili kwa siku itamshinda. Valvu nzima, yuko mjini, pesa ya kubahatisha: warfarini yenye kadi. Figo zimekwisha nguvu sana: daktari wa moyo, si famasi. Kijana wa alama 0 mwenye AF ya mara moja baada ya sherehe: pombe kwanza, presha, tezi, halafu muone tena.

Na anayetaka kuhama kutoka warfarini kwenda kidonge kipya asivimeze vyote viwili "kwa mpito". Warfarini inasimamishwa, INR inapimwa. Apiksabani na dabigatrani huanza ikishuka chini ya 2, rivaroksabani ikiwa chini ya 3. Kwa hiyo hata anayekimbia kipimo anakihitaji mara moja zaidi, na kadi ile ya zamani aende nayo.